Nyumba ya Maajabu na Pembe za Ituri

Mji wetu wa Bunia ni mji kijana. Nyumba zake zilizo kongwe kupita zote ni zile za matofali ya kuchoma na mabati, zilizojengwa wakati wa Wabelgiji. Na umri wake ni kama umri wa mzee mmoja aliyejaliwa maisha marefu. Kabla ya hizo, wazee wetu hawakujenga ili nyumba ikae miaka mia. Mama wa Kimbuti msituni huinamisha fito, akazifunika kwa majani ya mongongo, na kabla ya jua kutua jamaa yake wamepata pa kulala. Kambi ikihama, msitu huichukua tena nyumba yake. Hapana aibu katika ujenzi huo, maana una akili nyingi. Lakini watu wanaojenga hivyo huweka kumbukumbu zao mahali pengine: katika nyimbo, katika majina ya ukoo, na katika maneno ya wazee. Watu wa pwani waliweka sehemu kubwa ya kumbukumbu zao katika mawe.

Basi leo twawaalika wasomaji wetu wapenzi, wakubwa kwa wadogo, tusafiri pamoja mpaka Unguja, tukaitazame nyumba moja tu. Jina lake ni Beit al-Ajaib, yaani Nyumba ya Maajabu. Labda mtu atauliza: “Sisi watu wa Ituri twahusikaje na jumba la Sultani lililo ukingoni mwa bahari?” Swali hilo ni la haki, nasi tutalijibu kabla ya kufika mwisho. Kwa sasa tuseme hili tu: nyumba ile ni yetu pia kwa sehemu fulani, na ilipoanguka tulipata hasara.

Njia ya zamani na njia ya sasa

Msafiri wa siku hizi akiondoka Bunia huvuka mpaka na kuingia Uganda, akapita Kampala, akashuka hata pwani, na mwisho akapanda meli ya kwenda Unguja. Ni safari ya siku chache, ingawa mifupa huuma.

Zamani haikuwa hivyo. Katika miaka ya 1880 mzigo uliotoka katika misitu yetu ulipita kwanza upande wa mto Lualaba, kwenye miji ya wafanya biashara kama Kasongo na Nyangwe. Kisha ulivuka Ziwa Tanganyika mpaka Ujiji, ukapita Tabora, ukafika Bagamoyo, na kutoka hapo ukaingia chomboni kwenda Unguja. Safari hiyo ilichukua miezi mingi, na mzigo ulikwenda juu ya mabega na vichwa vya watu. Mpagazi mmoja aliweza kubeba frasila 2 hivi za pembe, yaani karibu kilo 32. Wengi wa wapagazi hao walikuwa watu wa kuajiriwa. Wengine walikuwa mateka, nao waliuzwa pamoja na pembe walizozibeba.

Kwa muda wa miaka zaidi ya 100, aliyefika Unguja kwa bahari alipokelewa na sura ile ile. Mbele yake aliona Ngome Kongwe, iliyojengwa na Waarabu wa Omani baada ya kuwafukuza Wareno, mahali palipokuwa na kanisa la Wareno hao. Nyuma ya paa za mji aliona minara miwili ya kanisa letu la Mtakatifu Yosefu, lililojengwa na Mapadre wa Roho Mtakatifu katika miaka ya 1890. Na jirani ya ngome, likipita majengo yote kwa urefu, aliliona jumba jeupe lililozungukwa na roshani pande zote, lenye mnara wa saa mbele. Hilo ndilo Beit al-Ajaib.

Aliyeijenga

Aliyeijenga ni Sayyid Barghash bin Said, aliyetawala Unguja tangu 1870 hata kufa kwake mwaka 1888. Kabla ya kutawala alijaribu kumpindua ndugu yake Sayyid Majid mwaka 1859. Jambo hilo likamshinda, na Waingereza wakamhamisha Bombay, katika Bara Hindi. Huko aliona majumba makubwa, maji ya mabomba na mambo ya kisasa ya wakati ule. Alipopata ufalme hakuyasahau. Alileta maji ya mfereji mjini, akajenga majumba nje ya mji, na mwaka 1883 akaikamilisha nyumba hii. Nia yake haikuwa kulala humo. Ilikuwa nyumba ya heshima, mahali pa kupokea wageni na kufanyia sherehe. Pande zake yalikuwako majumba mawili mengine, Beit al-Sahel na Beit al-Hukm, na njia zilizofunikwa ziliyaunganisha hewani, juu ya barabara, ili wanawake wa jamaa ya kifalme wapite pasipo kuonwa na watu.

Jina la Maajabu halikutolewa bure. Nyumba hii ilikuwa ya kwanza Unguja kutiwa taa za umeme, na ya kwanza katika Afrika Mashariki kuwa na lifti. Sakafu zake zilitandikwa marumaru iliyoletwa kutoka ng’ambo. Milango yake mikubwa ilichongwa nakshi na kuandikwa aya za Kurani. Na nje ya mlango ilikaa mizinga 2 ya shaba ya Wareno, kama kuwakumbusha wageni kwamba wenye nguvu hupita.

Mawe, chokaa na chuma

Yafaa sasa tueleze jinsi ilivyojengwa, hasa kwa ajili ya vijana wetu wanaojifunza uashi, maana ajabu yake kubwa imo katika ujenzi.

Nyumba za kale za Mji Mkongwe hujengwa kwa mawe ya matumbawe, yaani jiwe lililofanywa na viumbe wadogo wa baharini kwa maelfu ya miaka. Jiwe hilo si zito, nalo lina matundu madogo madogo. Jiwe hilo hilo huchomwa kwa kuni nyingi mpaka likawa chokaa. Chokaa humwagiwa maji, kisha huchanganywa na mchanga na udongo mwekundu, nao ndio udongo wa kujengea. Basi ukuta na udongo wake ni ndugu wa damu moja. Unyevu ukiingia, hupata njia ya kutoka tena, na ukuta hukauka.

Dari na sakafu zilibebwa na boriti, yaani miti ya mikoko. Boriti nzuri ina nguvu nyingi, lakini urefu wake una mpaka, kadiri ya mita 3 hivi. Ndiyo sababu vyumba vya nyumba za kale za pwani ni virefu na vyembamba: upana wa chumba hukatwa na mti wa mkoko, wala si na tamaa ya mwenye nyumba. Tajiri akiongeza mali, huongeza vyumba. Kupanua chumba kimoja hawezi.

Barghash aliuvuka mpaka huo. Katika Nyumba ya Maajabu mawe ya matumbawe na boriti vilitumika kama desturi, lakini vikaongezwa mihimili ya chuma na sakafu za zege. Nje, roshani pana za orofa zote zilisimama juu ya nguzo nyembamba ndefu za chuma cha kusubu. Kwa msaada wa chuma hicho dari zikapaa juu na kumbi zikapanuka kuliko nyumba yoyote iliyotangulia mjini. Ndani, katikati, paliachwa ua mkubwa uliozungukwa na roshani, ili hewa ipite na mwanga ushuke. Roshani za nje nazo zilikinga kuta zisipigwe na jua wala mvua. Aliyeingia kutoka katika joto la Forodhani alijiona kama aliyeingia chini ya mti mkubwa.

Hivi nyumba hii ilikuwa ya Kiswahili kwa mawe yake, ya Kiarabu kwa milango yake, ya Kihindi kwa roshani zake, na ya Kizungu kwa chuma chake. Bahari nzima ya Hindi ilikutana katika jengo moja.

Asubuhi ya tarehe 27 Agosti 1896

Mwaka 1890 Waingereza waliiweka Unguja chini ya ulinzi wao. Tarehe 25 Agosti 1896 Sultani Hamad bin Thuwaini alifariki, naye Khalid, mwana wa Barghash, akaingia katika majumba ya kifalme na kujitangaza Sultani bila idhini ya Waingereza. Wakampa muda wa kutoka mpaka saa tatu asubuhi ya tarehe 27. Hakutoka. Saa ilipofika, manowari zilizokuwa bandarini zikafyatua mizinga. Vita hivyo havikumaliza hata saa moja; lakini katika muda huo mfupi watu kama 500 wa upande wa Khalid waliuawa au kujeruhiwa.

Beit al-Hukm ilibomoka. Beit al-Sahel nayo iliharibika vibaya. Mnara uliosimama mbele ya majumba, uliokuwa na taa ya kuongozea vyombo, ulipigwa hata ukalazimika kuondolewa. Nyumba ya Maajabu peke yake ilibaki imesimama, na madhara yake yalikuwa madogo. Katika matengenezo yaliyofuata ilitiwa mnara wa saa katika uso wake, ule ambao vizazi vilivyofuata viliuzoea.

Baada ya hapo nyumba ilibadili mabwana mara nyingi. Tangu mwaka 1911 ilikuwa ofisi za serikali ya Waingereza. Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964 ilikuwa chini ya chama cha Afro-Shirazi. Baadaye tena ikawa makumbusho ya historia na utamaduni wa Zanzibar na pwani ya Waswahili. Katika ua wake ukawekwa mtepe, chombo cha mbao zilizoshonwa kwa kamba pasipo msumari hata mmoja, kilichojengwa kwa kufuata vyombo vya kale. Watoto wa shule walipanda ngazi alizopanda Sultani. Mwaka 2000 Mji Mkongwe wote, pamoja na nyumba hii, uliandikwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia.

Siku ya Noeli, 2020

Kuandikwa katika orodha ni heshima kubwa, lakini karatasi haizibi paa.

Adui wa nyumba kama ile ni wengi, nao huja polepole. Wa kwanza ni maji ya mvua. Paa likivuja, maji huingia kichwani mwa ukuta, chokaa hulainika, na ncha za boriti zilizomo ukutani huoza mahali pasipoonekana. Wa pili ni chumvi ya bahari. Chuma kikishika kutu huvimba, na kikivimba hupasua zege linalokizunguka. Ufa huingiza maji zaidi, na maji huongeza kutu. Wa tatu ni mbegu. Ndege huangusha mbegu katika ufa, mche huota, na mzizi mwembamba kama uzi huwa mnene kama mkono. Wa nne, wa ajabu kidogo, ni saruji itumiwayo pasipo akili. Fundi mwenye nia njema hupaka ukuta wa chokaa kwa saruji ngumu ili uimarike. Kumbe ameuziba pumzi, na unyevu uliokwisha kuingia hauna tena mahali pa kutokea.

Mwaka 2012 sehemu ya roshani ilianguka, na nyumba ikafungwa kwa wageni. Miaka ikapita. Kazi kubwa ya kuitengeneza ilipokwisha kuanza, tarehe 25 Desemba 2020, siku ya Noeli, upande wa mbele uliporomoka, pamoja na mnara wa saa. Watu 2 walipoteza maisha katika kifusi. Walikuwa na jamaa kama sisi, na siku ile ya furaha iligeuka kwao kuwa siku ya matanga. Mizinga ya mwaka 1896 haikuweza kuiangusha nyumba hiyo. Serikali ya Zanzibar ikatangaza kwamba itajengwa upya.

Hesabu ya pembe

Sasa turudi kwa swali letu. Mali iliyojenga nyumba hii ilitoka wapi?

Ilitoka katika karafuu za Unguja na Pemba, zilizolimwa na watumwa. Ilitoka katika ushuru wa forodha, maana kila kilichopita bandarini kilitozwa. Na kati ya vitu vya thamani vilivyotoka bara, pembe za ndovu zilikuwa mbele. Kweli, mwaka 1873, kwa kushurutishwa na Waingereza, Barghash alilifunga soko la watumwa la Unguja, na mahali pake Waanglikana wakajenga kanisa lao kuu. Lakini bara utekaji haukukoma kwa sababu soko la pwani limefungwa. Mwenye kutafuta pembe aliteka watu ili wawe wapagazi, na mara nyingi aliteka wanawake na watoto ili wanaume wazilete pembe kuwakomboa.

Wakati nyumba ilipokamilika, mwaka 1883, wafanya biashara hao na watu wao wa Manyema walikuwa wakisonga mbele kuelekea kaskazini, ndovu walipopungua nyuma yao. Mwaka 1887 Stanley alipopita kando ya mto Ituri aliwakuta wamekwisha kaa. Alimkuta Ugarrowwa mtoni; na mbele zaidi, mahali paitwapo Ipoto, aliwakuta watu wa Kilonga-Longa. Alipita katika nchi ya vijiji vilivyochomwa na mashamba yaliyoachwa. Hao ni wazee wetu. Hatusemi kwamba kila jiwe la Beit al-Ajaib lilinunuliwa kwa machozi ya Ituri. Hesabu haisemi hivyo. Twasema kwamba nyumba ile ilikuwa mlango wa mbele wa biashara ambayo mlango wake wa nyuma ulikuwa katika misitu yetu. Na kwa njia ile ile iliyopita pembe, lugha hii tunayoiandika sasa ilipanda kutoka pwani ikafika Bunia.

Wako watu watakaosema: “Kama ni hivyo, na ianguke! Kwa nini tulilie jumba la waliotutesa?” Twaelewa uchungu wao, lakini hatukubaliani nao. Maumivu ya wazee wetu hayakuandikwa katika vitabu vingi. Vijiji vilivyochomwa vilikuwa vya miti na majani, navyo havikuacha alama; msitu ulivifunika. Wapagazi walioanguka njiani hawana kaburi. Lakini nyumba iliyopokea faida ilikuwa ya mawe, nayo ilibaki. Basi nyumba hiyo ni shahidi. Mtoto akisimama mbele ya nguzo zake, mwalimu aweza kumwambia, “Tazama uzuri huu, na uliza ulilipwa na nani.” Shahidi akifa, swali hilo nalo hufa, na atakayefurahi si maskini. Zaidi ya hayo, waliochoma chokaa ile na kuchonga milango ile walikuwa mafundi wenye mikono ya ustadi. Kazi yao haistahili dharau kwa sababu ya dhambi za biashara ya tajiri wao.

Kwa hiyo, nyumba ile ikisimama tena, na isimame pamoja na hesabu yake yote: karafuu na pembe, marumaru na minyororo.

Na sisi tufanyeje?

Jambo hili latuhusu pia nyumbani. Hapa kwetu haikuwa pembe tu. Mwaka 1903 dhahabu ilionekana upande wa Kilo, na tangu 1905 ikaanza kuchimbwa, kwa jasho la watu wengi walioshurutishwa. Nyumba za matofali za zamani tunazoziona Bunia, Mongbwalu na mahali pengine zina hesabu yake nazo, na wazee waijuao wanapungua kila mwaka. Vita vya miaka ya 1999 hadi 2003, na machafuko yaliyorudi tangu mwisho wa 2017, vimetufundisha jinsi nyumba ya miaka 60 inavyoweza kuwa majivu katika saa moja. Zile zilizosalia tusiziache ziuawe na maji ya mvua.

Wala haihitaji mali nyingi. Mfereji wa paa usafishwe kabla ya mvua kuanza. Bati lililotoboka libadilishwe mwezi huu, lisingoje mwaka ujao. Mche ulioota ukutani ung’olewe ukiwa mdogo. Ukuta wa kale uliojengwa kwa chokaa au kwa udongo utengenezwe kwa kitu cha jinsi yake, wala usizibwe kwa saruji. Wahenga walisema: “Usipoziba ufa utajenga ukuta.”

Na wanafunzi wetu tunawapa kazi moja. Chagueni nyumba moja ya zamani katika parokia yenu: shule, zahanati, kanisa la kigango, au nyumba ya babu. Waulizeni wazee ni nani aliyechoma matofali yake, maji yalichotwa wapi, nani aliyelipwa, na nani asiyelipwa. Andikeni majibu katika daftari, na chini yake tieni tarehe na jina la mzee aliyewajibu. Kisha daftari hilo liwekwe mahali pakavu.